Mchora Mabango Ajenga Mchezo, Ghorofa kwa Ghorofa

Saa mbili asubuhi, Fundi Rangi, binti anayechora mabango, yuko juu ya ngazi, anamalizia jogoo kwenye bango la duka la nyama. Mguu mmoja wa jogoo umeinuka, shingo imetangulia.

"Mbona jogoo wangu anaondoka?" mwenye duka anamtania kutoka chini.

"Lipa haraka, bosi, kabla hajavuka barabara."

Zamani majogoo wake walisimama wima kama waliopigwa picha ya kitambulisho. Mwendo ameujulia nyumbani, kwenye kompyuta ya mitumba, anakojifundisha kutengeneza mchezo wa kompyuta. Katika mchezo huo, mwanamke anapandisha ndoo ya maji ghorofani, lifti imekufa. Anayecheza ahakikishe maji hayamwagiki.

Mwanzoni maji yalimwagika kwenda juu, darini. "Niliweka alama ya kutoa pale pa kujumlisha," anasema. "Nilicheka mpaka mama akaja kuniangalia kama niko sawa."

Lakini kosa lililomkwamisha lilikuwa jingine. Kila alipozidi kujua kuchora, ghorofa ya kwanza ilimtia aibu. Akaifuta, akaichora upya. Akajua zaidi, akaifuta tena. Mwaka ukakatika, mwanamke wa ndoo hajapanda hata ngazi moja. Na karakana moja ya kutengeneza michezo ya kompyuta ilikuwa imemwahidi nafasi ya kujifunza kazi kwa sharti moja: alete mchezo unaofika mwisho.

Mama yake akachoka. "Wewe mtoto, utaifua nguo hiyohiyo mpaka itoboke? Hebu panda juu!"

Akapanda, akachora ghorofa za juu. Michoro mibovu ikabaki chini.

Alasiri hii mama ndiye anayecheza, kwa mara ya kwanza. Kesho mchezo unakwenda karakana.

Ghorofa ya kwanza, mwanamke ana mikono kama miiko. "Ndiyo mimi huyu?" mama anauliza.

"Ndiyo wewe, mama. Nisamehe bure."

Ya tatu, vidole vinaonekana. Ya tano, mshipa wa shingo umekaza, maji yamebeba mwanga wa dirisha, na ndoo imeegemezwa nyongani kidogo, mwanamke apumue. Ni kama kumtazama mtu akifumbua macho, ngazi baada ya ngazi.

Mama ameacha kubonyeza. Kiganja kiko mdomoni.

"Umejuaje ninavyopumzika?"

Binti anamwonyesha paa, jeupe tupu, ambapo mwanamke anatua ndoo na mchezo unaisha.

"Pale nataka mji mzima uonekane. Mkono wangu haujafika huko," anasema. "Ukifika, sifuti kitu. Naongeza ghorofa."