Wa Canon Hapigwi na Nikon

Ukitaka kumkasirisha Hilda, mke wa Thadeo mpiga picha wa Kigera hapa Musoma, huna haja ya kumtukana. Mwombe tu akuonyeshe albamu ya familia.

Atakuletea, maana ni mtu wa heshima zake, na chai atakumiminia. Lakini kila ukurasa utakaoufunua, yeye ataguna. Pelagia anabatizwa: yupo mama, yupo padri, yupo mama wa ubatizo. Pelagia anapokea komunyo ya kwanza: yupo mama, wapo mashangazi wa Bukima na magauni yao ya sikukuu. Pelagia kamaliza kidato cha nne: yupo mama, kashika ua la plastiki. Na baba? Mgeni asiyejua mambo anaweza kudhani huyu mama alilea mtoto peke yake. Kuna mwanamke mmoja, mgeni wa jirani, aliwahi kufunga albamu hiyo taratibu akampa Hilda pole ya ujane, na Thadeo mwenyewe kakaa kochi la pili anafuta lenzi.

"Mganga hajigangi," Thadeo hupenda kusema, kisha anacheka.

Hilda hacheki. Mganga akishindwa kujiganga huenda kwa mganga mwenzake, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kwa imani ya Thadeo, wapiga picha wa Mara wako wa namna mbili. Wapo wa kamera za Canon, ambao karibu wote amewafundisha yeye, na hawezi kusimama mbele yao bila kuwaambia piga magoti, rudi nyuma, unanikata kichwa, mpaka kijana wa watu anakata tamaa na kuondoka. Na wapo wa Nikon. Hao si watu wa kuwapa uso wako.

Canon yake ya kwanza aliipata baada ya kuuza mtumbwi wa marehemu baba yake kule Bukima. Ndugu zake walimwona kichaa. Tangu siku hiyo anaitetea Canon kama mtu anavyotetea ukoo wake, na ukimuuliza sababu atakueleza rangi, atakueleza ngozi za watu wetu zinavyotoka, na mwishoni atakuambia kwamba wewe hujui kitu. Hilda ameyasikia maelezo hayo mara nyingi kiasi kwamba anaweza kuyatoa mwenyewe huku anasonga ugali.

Ugonjwa huo ungekuwa wa mtu mmoja, Hilda angeuvumilia. Lakini upo wa pili, anaitwa Mwikwabe, ana studio Bunda karibu na stendi, na yeye ni wa Nikon mpaka kwenye mifupa. Walikutana kwenye harusi moja Butiama. Upande wa bibi harusi ulimleta Thadeo, upande wa bwana harusi ukamleta Mwikwabe, na wawili hao wakawa wanasukumana mbele ya altare hadi padri akasimamisha ibada na kuuliza ni nani hasa anayefunga ndoa pale. Watu walidhani watapigana nje. Nje walikula pamoja sahani moja, wakabishana mpaka pilau ikapoa, na tangu hapo wamekuwa chanda na pete.

Hiyo ndiyo inayomchosha Hilda kuliko yote. Wangekuwa maadui angeelewa. Siku Thadeo alipozidiwa na tumbo, ni Mwikwabe aliyeendesha gari kutoka Bunda na kumkimbiza hospitali, akakaa naye hadi alipotoka. Mtu wa namna hiyo unamwita ndugu. Ila mwingize mtu huyo sebuleni, kabla hata ya hodi kumalizika utasikia:

"Shemeji, huyu mume wako bado ana ile redio yake?"

Redio ndiyo Canon. Na Thadeo, hata kama yuko bafuni, atajibu kwa sauti: "Mura, jembe lako limelima wapi wiki hii?"

Jembe ndiyo Nikon, na mura ndivyo wanaume wa Mara wanavyoitana. Na hapo usitegemee tena maongezi ya watu wazima. Watakula sato wa Hilda bila kumsifia, watanyooshana vidole, na mmoja hatagusa kamera ya mwenzake hata kuisogeza ili sahani ipate nafasi. Mwikwabe ameshaapa mbele ya mashahidi kwamba mkono wake haujawahi kushika Canon na hautashika. Kamera ikiwa mezani, ni Hilda anayeitwa kutoka jikoni kuja kuiondoa.

Basi Pelagia akapata mchumba, Mashimba, kijana wa watu wa pamba na ng'ombe kule Bunda. Mahari ikaenda vizuri, siku ya send-off ikapangwa, ukumbi wa kanisa hapa hapa Musoma, mchana, ndoa Jumamosi inayofuata. Hilda hakudai kitenge kipya wala kiti cha mbele. Alidai kitu kimoja tu: picha moja, yeye na mume wake na mtoto wao, watatu, kabla mtoto hajaondoka nyumbani. Na baba awe na uso.

"Baba Pelagia, mwite Mwikwabe apige. Siku moja tu."

"Mwikwabe aje kama mgeni. Ale, acheze. Jembe aliache Bunda."

"Na wewe utapigwa na nani?"

"Nitaweka stendi. Kamera inajipigaga yenyewe ukiitega."

Stendi! Hilda alitaka kulia. Siku ya komunyo Thadeo aliweka stendi hiyo hiyo, akaitega, akakimbia kuja kusimama, akaona flashi imeinama kidogo, akarudi mbio kuirekebisha. Picha ikatoka mama, mtoto, na makalio ya suruali ya kijivu. Imo kwenye albamu. Ndiyo picha pekee ambayo Thadeo yumo.

Sikio la kufa halisikii dawa. Hilda akampigia Mwikwabe mwenyewe.

"Shemeji, njoo na kamera yako."

"Nitakuja nayo, siendagi popote bila hiyo. Lakini huyo bwana nimpige vipi na yeye hataki? Mtu hapigwi bila ridhaa yake, shemeji. Tena Mjita kama huyo."

"Basi mshikie ya kwake. Upige na hiyo hiyo Canon."

Hilda akadhani salio limekwisha.

"Shemeji," Mwikwabe akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, "niombe ng'ombe, nitakupa."

Siku ikafika. Mama wengine siku ya send-off ya binti yao hulia kwa furaha. Hilda aliamka na hasira na akaingia nazo ukumbini. Mbele yake Thadeo, ndani ya suti aliyoshonewa kwa ajili ya kukaa meza kuu, alikuwa anachuchumaa, anapanda viti, analala ubavu sakafuni. Kiti chake pembeni ya Hilda kilikuwa na koti la mvua na betri mbili. Alishamwagiza Boniphace, mshereheshaji, atangaze kwamba wenye simu wote wakae chini kwa sababu wanamharibia picha. Mwikwabe alikuwa meza ya pili, kakaa kama mwanafunzi, Nikon mapajani.

Ukafika wakati wa keki. Pelagia akamlisha mama yake, vigelegele vikapigwa, Hilda akatafuna bila kusikia ladha maana alikuwa anaangalia lenzi nyeusi imesimama mbele yake.

"Sasa baba!" Boniphace akapaza sauti. "Baba mzazi yuko wapi?"

"Endeleeni, endeleeni," ikasema sauti ya nyuma ya kamera. "Nawapata vizuri."

Ukumbi ukacheka. Pelagia akapiga magoti mbele ya baba yake, kipande cha keki kwenye uma, mkono mwingine chini yake kisidondoke.

"Baba."

"Ngoja. Geuza uso kidogo, mwanga uko huku."

"Baba, keki."

"Mzee, mpe mtu kamera," Boniphace akasema, na watu wakazidi kucheka.

Thadeo akautazama ukumbi. Vijana wake wa Canon siku hiyo wote walikuwa kwenye kazi zao za harusi. Meza ya pili, taratibu, Mwikwabe akainua Nikon.

"Shusha jembe!" Thadeo akafoka. Kisha akanyoosha mkono na Canon yake. "Kama unataka kusaidia, saidia na hii."

"Mimi? Mbele ya watu wote wa Bunda hawa?"

Watu wakashika mbavu. Walidhani ni mchezo umepangwa. Na Pelagia bado yuko magotini, keki inaanza kuinama kwenye uma, na wanaume wawili wenye mvi wanabishana juu ya kichwa chake. Hapo Hilda akasimama, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Boniphace bila kuomba.

"Mnacheka nini?" akasema. "Mimi sicheki. Mtoto huyu anaondoka Jumamosi. Nimekaa na mwanaume huyu miaka yote, kapiga picha Mara nzima, kapiga maharusi, kapiga maiti, na sina hata picha moja ya uso wake na mtoto wake. Wajukuu wakiniuliza babu yetu alikuwa nani, niwaonyeshe nini? Mkanda wa kamera?"

Hakuna aliyecheka tena. Hilda alikuwa na mengine ya kusema, na yalikuwa makali zaidi, lakini Pelagia alimtangulia. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Baba, shusha hicho kitu. Tangu nikiwa mdogo nakuonaga jicho moja tu."

Thadeo akashusha.

Macho yake yalikuwa mekundu, na mashavu yamelowa mpaka kwenye kola ya shati. Si machozi ya dakika ile. Alikuwa amelia tangu mwanzo, tangu Pelagia alipoingia mlangoni, amelia huku anachuchumaa na kupanda viti, na lenzi ndiyo iliyokuwa imemfichia. Hilda, aliyekuwa amejaza mdomo maneno, akayameza. Miaka yote alipigana na Canon, na kumbe Canon ilikuwa nusu tu ya ugomvi. Alimwonea huruma, na papo hapo akamkasirikia upya, maana angeweza kusema.

Thadeo akaiweka kamera pembeni mwa meza ya keki na kumwinamia mtoto wake. Ukumbi mzima ukatoa simu. Wakapiga koti lake, kwa sababu alikuwa kawapa mgongo.

Mwikwabe aliinuka na Nikon yake, akapiga hatua, akasimama. Mtu alishasema hataki. Akairudisha Nikon kitini. Kisha mbele ya watu wote wa Bunda akaichukua Canon, kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto mchanga wa watu, akazunguka nyuma ya keki mahali ambapo uso wa Thadeo ulionekana. Aliwaona wote watatu. Alitaka picha ipanuke iwachukue wote, mama, mtoto na baba, kwa hiyo akazungusha pete ya lenzi upande ambao mkono wake umezoea kuzungusha tangu ujana.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kushika zote mbili atakuambia: pete ya Canon na pete ya Nikon huzunguka kinyume. Ya huku ikipanua, ya kule inavuta. Picha haikupanuka. Ilivuta, ikawa karibu, karibu sana, na kidole chake kilikwishabonyeza. Kabla hajajirekebisha Thadeo alishajifunika uso na leso, na wakati ukawa umepita.

Picha ilichapwa wiki iliyofuata, baada ya ndoa, na Mwikwabe alikuja Kigera kuiona. Thadeo aliiweka mezani. Paji la uso la Pelagia, uma, na uso wa Thadeo umejaa picha nzima, mdomo wazi unapokea keki, kila chozi linahesabika.

"Angalia rangi hiyo," Thadeo akasema polepole. "Angalia ngozi. Redio hiyo, mura."

"Rangi ni ya redio, sikatai. Jicho ni la mtu wa jembe. Wa redio angekata kidevu."

"Kamera ndiyo iliyopiga!"

"Kamera ina miguu? Ilizunguka keki yenyewe?"

"Na mimi niko wapi?" Hilda akauliza.

Wakainama wote wawili juu ya picha. Walitafuta kwa bidii ya kweli, na Hilda akawaacha watafute. Hatimaye Mwikwabe akagusa ukingo kwa ncha ya kidole, mahali palipokuwa na kipande cha kitenge cha kijani na kitu cha mviringo.

"Hapa, shemeji. Kiwiko." Akakohoa. "Mkono ulizungusha kwa mazoea. Nisamehe."

"Tutapiga upya," Thadeo akasema haraka. "Tutamwita Pelagia aje, tukae wote watatu, vizuri kabisa."

"Kwa kamera ipi?" Mwikwabe akauliza.

"Unauliza tena? Hii iliyopiga hii!"

"Basi mimi sishiki. Nimeshaapa upya."

Hilda akawaacha. Alichukua picha yake kutoka mezani, hakuna aliyetambua, akatoka nayo uani ambako kelele zao zilimfikia nusu. Alitaka kukasirika kuhusu kiwiko na alikuwa na haki hiyo; hata kiganja hakikuwemo, kiwiko kitupu. Lakini kila alipoanza kukasirika alirudi kuuangalia uso ule, ambao kwa miaka yote alikuwa anauona yeye peke yake, ndani ya nyumba, na akashindwa kuendelea. Simu ikaita. Alikuwa Pelagia, kutoka Bunda.

"Mama, nasikia picha imetoka. Imetokaje?"

"Imetoka," Hilda akasema. "Baba yako ana macho mawili."