Fundi saa na gari lililogoma kuwaka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua linaruka ukuta na kuingia uani, na fundi saa amezama ndani ya boneti ya gari lake hadi kiunoni. Kinachoonekana nje ni miguu yake, viatu vya raba na suruali iliyofungwa kamba kiunoni. Kutoka huko ndani anaimba wimbo usio na maneno, ule wa mtu ambaye mawazo yake yameshatangulia safari.

Pembeni yake, juu ya shuka jeupe, vipuri vimepangwa kwa duara. Nati ya kwanza iko juu kabisa, pale inapokaa namba kumi na mbili kwenye uso wa saa. Nyingine zinafuata upande wa kulia, kisha nyaya, kisha plagi, hadi duara linafunga.

“Nikivua kitu cha kwanza nakiweka juu. Cha pili kinafuata kulia,” anasema akijitoa taratibu, mkono kiunoni. “Wakati wa kurudisha naanza na cha mwisho. Ndivyo nilivyofundishwa kufungua saa. Na gari ni nini? Ni saa iliyonenepa tu.”

Ana umri wa miaka sitini na moja. Mtaani wanamwita Fundi Dakika, na jina hilo limekaa hata kwenye mlango wa kibanda chake. Kwa miaka thelathini na minane amekaa humo, nyuma ya kioo, mahali ambapo ukinyoosha mikono yote miwili unagusa kuta. Zamani alipokea saa kumi na tano kwa siku. Siku hizi ni tatu, na zipo siku ambazo anabadilisha betri moja tu na kumwelekeza mtu njia ya posta.

“Simu zimetumaliza,” anasema bila kinyongo. Ukimuuliza saa ngapi, naye anatoa simu mfukoni.

Gari lenyewe lina miaka arobaini na moja. Ni refu mgongoni, rangi yake ilikuwa bluu na sasa ni bluu kwa heshima tu. Breki amezitengeneza mwenyewe, rejeta ameiziba mwenyewe, hata kitasa cha mlango wa dereva alikichonga kwa kipande cha bomba. Majirani wanamtania kwamba siku gari hilo likitembea, wao watahama. Lakini kiti chake cha mbele kinalala chote, kikanyooka kama kitanda, na ni kwa sababu ya kiti hicho gari hili bado lipo uani.

Mkewe, mwenye miaka hamsini na tisa, aliteleza bafuni miaka kumi na moja iliyopita akavunjika nyonga. Ikaunga vibaya. Tangu hapo hawezi kukaa wima zaidi ya nusu saa bila kutokwa na machozi, na basi la abiria kwake ni adhabu. Dada yake mkubwa anaishi kilomita mia sita na arobaini kutoka hapa.

“Mama yetu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Dada alikuwa na kumi na tisa,” anasimulia mkewe, ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu mmoja ameunyoosha. “Yeye ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni hadi nikawa naburuza miguu chini, watu wanamcheka, hanishushi. Kwa hiyo ukiniuliza mama yangu ni nani, mimi namjua yeye.”

Wanazungumza kwa simu kila Jumapili. Mwezi uliopita, katikati ya maongezi, dada yake alimuuliza yeye ni nani. Akajieleza, wakacheka, wakaendelea. Baada ya dakika chache akamuuliza tena.

“Mara ya pili sikucheka,” anasema.

Kukodi gari la kumlaza njia nzima ni mapato ya fundi ya miezi mitano, ukiondoa kula. Basi wameligeukia gari lao, nalo lilikuwa limekufa tangu mwanzo wa mwaka. Miezi tisa liko pale pale, matairi yameanza kuota majani.

Miezi yote hiyo, jioni fundi akirudi kutoka kibandani, wamekuwa wakisafiri. Ndiyo, hivyo hivyo, bila injini. Anamsaidia mkewe kuingia, anakilaza kiti, yeye anashika usukani, na gari likiwa limesimama pale uani wanaanza safari kwa maneno.

“Tumeacha mji,” anasema fundi.

“Punguza mwendo, kuna mbuzi.”

“Nimewaona. Sasa tunashuka bonde. Fungua dirisha, unasikia harufu ya majani?”

“Nasikia harufu ya grisi yako.”

Wamevuka madaraja, wamenyeshewa, wamegombana kuhusu mahali pa kupumzika. Siku moja fundi alipitiwa akasema nyumba ya dada ile inaonekana, taa inawaka. Mkewe akamshika mkono. “Hapana, mume wangu. Hapo usinifikishe kwa mdomo.” Tangu siku hiyo safari zao zote zinakatikia njiani.

Kilicholiua gari ni distribyuta, kile chombo kinachogawa moto kwa plagi, kila moja kwa zamu yake. Kilipasuka, na meno ya gia yake yakalika. Gari la umri huu halina tena vipuri dukani. Wauza vipuri walikuwa wakimsikiliza kwa adabu, wanatazama picha ya kifaa, halafu wanamuuliza habari za nyumbani.

Akaanza kuzunguka kwenye yadi za chakavu. Alibeba kifaa kilichokufa kwenye leso, na akifika anavaa jichoni ile lenzi yake ya kutazamia saa, anapiga magoti kwenye rundo la vyuma, anahesabu meno ya gia moja moja. Vijana wa yadi walimwita Daktari wa Macho. “Dokta, mgonjwa leo vipi?” walimuuliza kila akiingia. Aliwajibu kwamba mgonjwa anasubiri kiungo.

Alikagua distribyuta mia moja na ishirini na saba. Ameziandika zote kwenye daftari: hii fupi, hii inazunguka kinyume, hii meno yake ni kumi na moja badala ya kumi na matatu.

Ya mia moja na ishirini na nane aliipata mahali pasipo na gari hata moja. Ni kiwanda kidogo cha kupasua mbao, cha mama mmoja mjane, ambako zamani injini ya gari kama lake ilifungwa chini ili izungushe msumeno. Umeme ulipofika injini ikaachwa. Fundi alifukua maranda ya mbao kwa mikono hadi akaiona, akahesabu meno. Kumi na matatu.

“Nilikaa chini,” anasema. “Yule mama akadhani nimeishiwa damu, akaniletea maji.”

Mama huyo alikataa pesa. Alimtaka tu atengeneze saa ya ukutani ya marehemu mumewe, iliyokuwa imenyamaza kwa miaka sita. Fundi aliikamilisha kwa wiki moja, akairudisha ikigonga, mama akalia, na yeye akaondoka na distribyuta yake kwenye leso. Hayo yalikuwa majuma matatu yaliyopita. Ungedhani hadithi imeisha.

Wapi! Aliifunga siku hiyo hiyo. Alizungusha injini hadi alama ya kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, ikakaa sawa na alama iliyo kwenye injini, pistoni ya kwanza iko juu kabisa, akaitumbukiza distribyuta ikielekea plagi ya kwanza. Akapiga stata. Gari likakohoa, likapiga kishindo, na ulimi wa moto ukatokea kwenye kabureta ukala nyusi zake zote mbili. Zimeanza kuota upya, nusu nusu.

Akarudia kesho yake. Akarudia wiki nzima. Alibadilisha nyaya, alisugua plagi, alisafisha kabureta, alipima alama kwa ile lenzi. Kila kitu kilikuwa mahali pake na gari liligoma.

Mkewe ndiye aliyetamka. “Liuze. Si kwamba silitaki. Nimechoka kutumaini, mume wangu. Kutumaini kunaniuma kuliko nyonga.”

Fundi hakubisha. Alimpigia mnunuzi wa vyuma chakavu, wakakubaliana: Jumamosi, saa nne asubuhi. Jumamosi yenyewe ni leo.

Ila jana mchana, kibandani, alikuja mwalimu mmoja na saa ya mkono aliyoiweka sawa mwenyewe baada ya kubadilisha betri. Alikuwa amekasirika. Tarehe yake, alisema, inabadilika saa sita mchana, mbele ya wanafunzi, wakati siku bado iko katikati.

Fundi alicheka. Ni kosa analolijua kuliko jina lake. “Mwalimu, mshale hufika juu mara mbili kwa siku. Wewe umeuweka juu, ni sawa, lakini hukujua kama saa yako iko saa sita ya mchana au ya usiku. Uso wa saa hausemi. Zungusha mara moja zaidi, basi.”

Akazungusha, akamkabidhi. Halafu akabaki na mdomo wazi, mkono hewani. Mwalimu akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Pistoni nayo hufika juu mara mbili. Mara moja inabana hewa na petroli ili ziungue, na mara nyingine inasukuma moshi nje. Alama ya kwenye puli inasema tu kwamba imefika juu. Haisemi ni safari ipi. Kwa majuma matatu fundi alikuwa akiwasha moto wakati wa moshi.

“Miaka thelathini na minane nawarekebishia watu kosa hili!” anasema, akijipiga paji la uso na kuacha alama ya grisi. “Halafu nalifanya mimi, kwenye gari langu, kwa ajili ya mke wangu. Nilifunga kibanda nikarudi nyumbani nikijitukana njia nzima.”

Ndiyo maana asubuhi hii plagi zote ziko kwenye shuka. Anahitaji mtu mwingine mmoja, na mwandishi wa makala haya anajitolea. Anakataliwa. Fundi anakisogeza kigoda cha mkewe hadi kwenye boneti, anaukamata mkono wake, anakiweka kidole gumba chake juu ya tundu la plagi ya kwanza.

“Ziba hapo. Usibonyeze sana. Nitazungusha kwa spana, wewe niambie unachosikia.”

Anazungusha. Chuma kinaguna. Alama inafika.

“Unasikia nini?”

“Hakuna kitu. Baridi tu.”

“Hapo ndipo nilipokosea. Tulia.” Anazungusha tena, polepole, mshipa umemsimama shingoni.

“Weee!” Mkewe anarusha mkono. “Imenisukuma! Mzee, imenipumulia!”

Fundi anaweka spana chini. Anamtazama mkewe, na mkewe anakitazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Kisha anaichomoa distribyuta, anaigeuza nusu mzunguko, anairudisha. Anarudisha na vipuri vingine, akianza na plagi ya mwisho kwenye duara.

Saa nne kasoro dakika kumi lori la mnunuzi linasimama nje. Mwenyewe anaingia na mnyororo begani na pesa kwenye bahasha, anasalimia, anauliza pa kufungia. Fundi anamwomba dakika moja, anakaa nyuma ya usukani na kufumba macho.

Mara ya kwanza gari linakohoa. Mkewe amejishika kifuani. Mara ya pili linatetemeka, linataka, linakata. Mara ya tatu linashika. Moshi mweusi unajaa uani, nguo zilizo kwenye kamba zinapotea na kurudi, na ndani ya moshi huo kuna muungurumo uliotulia, wa zamu kwa zamu, bila kuruka hata moja.

“Lo! Mzee, hiki si chuma tena,” anasema mnunuzi. “Naongeza nusu.”

“Umechelewa, mwanangu. Lina safari.”

Mpango wao ni kuondoka Jumatatu alfajiri. Watakwenda mwendo wa kilomita sitini kwa saa, hakuna zaidi, na kusimama kila mkewe akitaka. Siku mbili, labda tatu. Fundi atabeba distribyuta ya zamani pia, kwa sababu “huwezi jua, leso bado ipo.” Kibandani ameshabandika karatasi: Nimesafiri.

Ila mkewe hawezi kungoja Jumapili ya simu. Anapiga sasa hivi, injini ikiwa inanguruma, anaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

“Nani?” inauliza sauti nyembamba ya upande wa pili.

“Mimi, dada. Mdogo wako.”

Fundi anashika mlango wa gari. Hata mnunuzi ameushusha mnyororo wake chini taratibu.

“Na hicho kinachonguruma ni nini?”

“Ni gari letu. Limewaka. Ndilo litakalonileta kwako, dada. Nakuja.”

Mkewe anaisogeza simu karibu na boneti.

“Basi njoo,” inasema sauti ile. “Na ukinikuta nimekusahau, usirudi. Kaa hapo hapo, uniambie tena.”