Kovu la Lovisa

Picha yangu ya utotoni ina kovu kidevuni, upande wa kushoto. Mimi mwenyewe sina kovu hilo, wala sijawahi kuwa nalo. Aliyelichora ni Zilpha Colburn, na mama yangu aligombana naye kwa ajili hiyo mpaka wakaacha kusalimiana kanisani.

Zilpha alikuwa akichora sura za watu kijijini kwetu North Wexley, huku Vermont, na vijiji vyote vya jirani. Hakufundishwa na mtu. Mumewe Asahel alikwenda Ohio kutafuta shamba, akapata shamba na mke wa kulilima naye, hakurudi. Basi Zilpha akafungasha brashi na rangi zake, akamshika mkono bintiye Lovisa, wakaanza kuzunguka. Walilala kwenye nyumba waliyofikia kazini, wakala maharage na nyama ya nguruwe pamoja na wenyeji, na hapakukosa mwanamume wa kuuliza kama kuna fundi wa kiume anayekuja kumalizia nyuso.

Mtoto akiwa hai na mzima, nani alikuwa na nafasi ya kumchoresha? Alikuwa na kuni za kubeba na bata wa kulisha. Akishakufa ndipo watu wanakimbia kumwita mchoraji. Mchoraji akichelewa, anatafutwa mtoto mwingine wa kimo kilekile, anavikwa nguo za marehemu na kukalishwa kitini. Mwili unachorwa kutoka kwake, na uso kutoka kwenye maneno ya mama aliyefiwa. Tuliliona jambo la kawaida kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Electa, binti wa Shemasi Pettengill. Theluji ilifunga njia, Zilpha akafika mtoto keshazikwa. Mama Shemasi akatoa gauni jekundu la Electa, akamvika Lovisa kwa mikono yake mwenyewe, hata utepe wa kiunoni akaufunga yeye. Zilpha akauliza pua ilikuwaje, macho yalikuwa ya rangi gani. Yule mama alilia tu na kumnyooshea Lovisa kidole.

"Hivyo hivyo. Mchore hivyo hivyo."

Mkono wa Zilpha ukamfuata mtoto aliyekuwa mbele yake. Ukachora macho ya kahawia, ukachora mpaka kovu la kidevuni, pale Lovisa alipounguzwa na mdomo wa birika. Mwishoni akampa ua la waridi lililovunjika shina, ili kila aonaye ajue huyu ni marehemu. Mama Shemasi alipoiona akasema, "Ndiye." Ikatundikwa sebuleni.

Majira ya baridi yaliyofuata, ugonjwa wa koo ukamchukua Lovisa.

Zilpha alijaribu kumchora, akashindwa. Alimwambia mama yangu, "Kila nikifumba macho namwona anavyokata roho. Namtaka mwanangu mzima." Na mwanawe mzima alikuwepo mahali pamoja tu, ukutani kwa shemasi, kwa jina la mtu mwingine.

Akaenda kuomba. Mama yangu alikuwepo akisaidia kushona mfarishi wa kitanda, na alinisimulia mpaka nikayajua kwa moyo.

"Mama Shemasi, niruhusu niinakili ile picha ya sebuleni. Sitaigusa. Nitakaa mbali."

"Ya Electa."

"Mama, unajua nani alikaa kwenye kile kiti."

"Najua nani amelala kule makaburini! Ulimpa mwanangu sura, sasa umekuja kumnyang'anya?"

"Simnyang'anyi. Naomba tu."

"Ukishanakili, utasema huyo ni nani?"

Kudanganya alikuwa hajui. "Lovisa," akasema.

Mama Shemasi akaweka sindano chini. Wageni walikwishaanza kunong'ona pale sebuleni kwamba huyu ni binti wa mchoraji, na minong'ono ilikuwa imemfikia. Nimezaa na nimezika, kwa hiyo namwonea huruma. Huruma kidogo tu.

"Electa alikuwa na macho ya kijivu," akasema. "Na hakuwa na kovu. Umeharibu wewe, tengeneza wewe. Ukishatengeneza, nakili mpaka uchoke. Hutaki, namwita yule anayechora vibao vya baa."

"Niache ninakili kwanza."

"Kwanza utengeneze."

Zilpha alirudi na brashi zake. Mama yangu alimuuliza baadaye, "Ulikubali vipi, dada, una wazimu?" Akajibu, "Yule mlevi angemfuta uso mzima." Akayapaka macho rangi ya kijivu. Kovu akaliacha mwisho. Akalizungukazunguka kwa brashi, akilipunguza kidogo kidogo, na Mama Shemasi amesimama nyuma yake.

"Bado naliona."

Zilpha akalifunika.

"Sasa ndiye Electa. Haya, kaa unakili."

Zilpha akafunga brashi zake, akatoka bila kuaga. Shetani hasa yule Mama Shemasi, nami nasema hivyo ingawa amezikwa kwa heshima zote.

Tangu hapo, kila mtoto aliyechorwa na Zilpha alitoka na kovu kidevuni, upande wa kushoto. Watu walilalamika, wengine wakakataa picha. Kazi ikapungua mpaka ikaisha, akafa akiwa mfua nguo za watu. Siku aliyonichora mimi, mama alipandwa na hasira.

"Zilpha, mwanangu hajaungua! Litoe!"

"Nilishalitoa mara moja," Zilpha akasema. "Silitoi tena."

Mama aliitupa picha ile darini, uso ukutani. Alipofariki nikaishusha, nikaitundika juu ya meko. Wajukuu wakiniuliza kovu langu limekwenda wapi, nawaambia wakaulize kwa akina Pettengill.