Fyuzi Tatu Kwenye Unga

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku yangu ya ndoa, na kila ikinijia nacheka kwanza, ndipo naona aibu. Nimeona nikusimulie leo kwa sababu nimesikia wenzako wamekuchagua uwe katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, na tena kuna fununu kwamba kiwanda chenu kinataka kutolewa mikononi mwa umma apewe mwekezaji. Hongera. Na pole pia, maana vyeo vya namna hiyo huja na vyote viwili. Kaa unywe chai yako. Hadithi yenyewe si fupi, na mimi, kama ujuavyo, si mtu wa kufupisha.

Bibi huyu mwenye magoti mabovu naye alikuwa katibu. Nilitoka kwetu Handeni nikiwa msichana mwenye maneno mengi, nikaenda Korogwe kufanya kazi katika shamba la mkonge la shirika la umma. Walinipangia brashi, mashine ya kusugua nyuzi zilizokauka mpaka ziwe laini. Ilikuwa kazi ya vumbi hasa. Tulijifunga vitambaa puani, na bado jioni ukipiga chafya unatoa mkonge. Lakini moyo wa mahali pale ulikuwa mtambo mkubwa tuliouita korona. Usishtuke, mwanangu, ni korona ya kukamua majani ya mkonge. Ilikuwako zamani kabla ya ule ugonjwa, na haikumwambukiza mtu ila njaa ya kufanya kazi. Wakataji walikata majani tangu alfajiri, yakaletwa kwa trole, korona ikayaponda na kutoa nyuzi, nasi wengine tukaanika, tukasugua, tukafunga marobota. Korona ikinguruma, kambi nzima inakula. Ikinyamaza, hata watoto wadogo wanauliza kuna nini.

Fundi wa korona alikuwa Mzee Mhina, na huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi letu la chama. Alikuwa mtu wa maneno machache na vipuri vichache zaidi. Stoo ya shirika ilikuwa haina kitu ila buibui, basi hiki alikifunga kwa waya, kile akakikaza kwa kipande cha tairi, na mtambo ukaendelea kwenda. Mimi walinichagua katibu kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa na mwandiko mzuri. Akili hawakuiulizia, na mimi sikuitaja.

Basi ikatufikia habari kwamba serikali inauza viwanda na mashamba yake, na letu limo. Kambi ikapata baridi. Nyumba tulizolala zilikuwa za shirika, maji ya bomba ya shirika, zahanati waliyozaliwa watoto wetu ya shirika. Mtu ukiondolewa kazini siku hiyo hiyo unaondolewa kitandani. Chama kikasimama kupinga, na kilikuwa na hoja, mwanangu, usidanganywe na wanaosema tulikuwa tunapiga kelele tu. Wakubwa walisema kiwanda kimekufa. Sisi tukasema hakijafa, kinanyimwa dawa. Kipeni vipuri muone.

Hoja hiyo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe katika barua ya tawi, nikaisoma mbele ya mkutano, nikapigiwa makofi mpaka nikaona nimeshakuwa waziri. Niliandika hivi: "Kiwanda chetu ni kizima. Asiyeamini na aje, akisikie kinavyonguruma." Mzee Mhina akatia sahihi, barua ikaenda.

Jibu likaja upesi kuliko tulivyotarajia. Atakuja afisa kutoka Dar es Salaam pamoja na wageni wawili wenye nia ya kununua, waje kujionea.

Hapo ndipo ujana wangu uliponipanda kichwani. Nikajiambia, wanunuzi wakikuta mtambo hauwaki, watageuza gari warudi walikotoka. Nani ananunua ng'ombe aliyelala? Niliiona hila hiyo ni ya hali ya juu, nikashangaa wazee wote wa chama hawakuiwaza. Sikumwambia mtu. Mchana wa siku iliyotangulia ugeni nikapita karibu na Mzee Mhina, nikamuuliza kama mtu anayetaka kujifunza, "Mzee, hivi fyuzi za korona hutolewaje?" Fundi ukimuuliza habari za mashine yake umemfurahisha. Alinifungulia lile sanduku la umeme, akanionyesha zile fyuzi tatu kubwa za kauri, nyeupe pe, namna ya kuzima umeme kwanza, namna ya kuzivuta. Jioni, watu walipokwisha kutoka kazini, nikarudi nikazivuta. Nikazifunga katika kanga, nikaenda nazo nyumbani, nikazizika ndani ya debe la unga. Usiku huo nililala usingizi mzuri sana, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Asubuhi yake wakataji walikuwa wamekwenda kondeni gizani kama kawaida yao. Trole zikaleta majani, zikarudi, zikaleta tena. Mzee Mhina akavuta swichi ya korona, kimya. Akavuta tena. Majani yakazidi kurundikana uwanjani, na jua la Korogwe unalijua, halina huruma. Jani la mkonge likishakatwa halikungojei. Likilala juani linakakamaa, na nyuzi zake zinaharibika. Mimi nilisimama mlangoni mwa banda la brashi nimefumba mdomo, na moyoni nafurahi.

Gari la wageni likafika. Wanunuzi wenyewe walikuwa watu wapole, wanasalimia kila mtu. Afisa ndiye aliyekuwa na haraka. Aliizunguka korona mara moja, akagonga bati lake kwa kalamu, akauliza, "Mbona haifanyi kazi?" Basi akafungua mkoba, akatoa barua. Nikautambua mwandiko wangu kwa mbali.

Akaisoma kwa sauti, polepole, mbele ya kiwanda kizima. "Kiwanda chetu ni kizima." Akatega sikio. "Asiyeamini na aje, akisikie kinavyonguruma." Akatega sikio tena. Mwanangu, palikuwa kimya kiasi cha kusikia jogoo wa jirani. Mgeni mmoja akatabasamu, akajitahidi kulificha tabasamu lake, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Afisa akawageukia wageni. "Mnaona wenyewe. Afadhali tukiuze kama vyuma chakavu, na ardhi peke yake. Hizo nyumba za kambi zitavunjwa."

Sikuwa nimefika huko kwa mawazo. Nilidhani ng'ombe aliyelala huachwa zizini mwake. Kumbe ng'ombe aliyelala anaitiwa mchinjaji. Nikawatazama akina mama walioshika ndoo karibu na bomba, nikaona kwamba mtu anayewatoa katika nyumba zao hakutoka Dar es Salaam. Alitoka Handeni, naye ni mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nawatumbukiza na majirani.

Mzee Mhina hakunitazama hata mara moja. Alimwambia afisa kwa adabu, "Mkubwa, wageni wetu hawajapata hata chai. Wakae kivulini kidogo, nami niuangalie umeme." Nami miguu ikaniamka. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikatia mikono yote miwili katika debe, nikazifuta fyuzi kwa haraka, nikarudi mbio nimezifumbata ndani ya kanga. Nilimkuta mzee peke yake nyuma ya mtambo, sanduku la umeme liko wazi, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu anayemngoja mgeni aliyetoa ahadi; aliyemuuliza habari za fyuzi jana yake alikuwa mmoja tu.

Nikamkabidhi. Akaiinua moja, akaitazama, akaipuliza. Unga ukaruka.

"Mwajabu," akasema, "leo fyuzi zimetaka kusongwa ugali?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza kila kitu, mpaka habari za ng'ombe. Akanisikiliza huku akizifuta moja moja kwa kitambaa, akizirudisha mahali pake bila papara.

"Sikiliza, binti yangu. Uliandika kwamba mashine ni nzima. Hiyo ilikuwa silaha yetu, na hatukuwa na nyingine. Miaka yote hii naifunga kwa waya ili neno lako liwe kweli. Sasa wewe mwenyewe umekwenda kulifanya uongo." Akairudisha fyuzi ya pili. "Kama ulitaka tuizime, ungetuita mkutanoni tukaulizana. Mgomo naujua, nimeshagoma kabla hujazaliwa. Lakini mgomo ni neno la wengi, linasemwa mchana, na kila mtu anajua anapoteza nini. Hili lako nalo utaliitaje?"

"Utawaambia ni mimi?" nikamuuliza.

"Mtambo nitautengeneza. Wenzako kawaambie mwenyewe."

Akavuta swichi, korona ikanguruma. Wallahi sijapata kusikia wimbo mtamu kama ule. Watu wakaruka kila mmoja mahali pake, majani yakaanza kupanda, maji yakamwagika, nyuzi zikatoka zimelowa, nyeupe, zinang'aa. Wageni wakaacha vikombe vyao. Afisa akauliza ilikuwa nini, na Mzee Mhina akamjibu bila kupepesa, "Fyuzi zilitoka, mkubwa. Sasa zimerudi." Ukweli mtupu, hakuongeza wala hakupunguza. Wageni walikaa pale mpaka saa nane, na habari ya vyuma chakavu haikutajwa tena.

Alasiri ile ukaitwa mkutano. Mwanangu, nimejifungua watoto wanne, lakini kusimama siku ile kulikuwa kugumu zaidi. Nikasema yote. Nikasema pia kwamba nauacha ukatibu. Kelele zikazuka, mmoja anataka nifukuzwe chamani, mwingine anataka nipelekwe kwa meneja. Ndipo akasimama Yohana, mkataji mmoja wa Mashewa, baba wa watoto sita, mtu ambaye katika mikutano sijawahi kumsikia akisema zaidi ya "sawa".

"Dada katibu," akasema, "mimi nimeamka saa kumi za usiku. Nimekata, nimefunga matita yangu, yakaja hapa yakachomwa na jua mpaka mengine hayafai. Ulipokuwa unawaficha wanunuzi mashine, mimi ulinikumbuka?"

"Hapana, kaka Yohana. Sikukukumbuka."

"Basi mimi nasema asiondoke. Akiondoka atafika Handeni awaambie watu alikuwa shujaa. Abaki na ukatibu wake. Ila Jumatatu aje kondeni, akate na sisi wiki nzima."

Watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi, na hukumu ikapita hivyo hivyo. Penye wengi hapaharibiki neno.

Nikakata mkonge, mwanangu. Siku ya kwanza mwiba ulinichoma juu ya jicho, siku ya pili viganja vikafanya malengelenge, siku ya tatu niliwaomba wanipe adhabu nyingine hata viboko. Wakataji walinicheka mpaka wakakaa chini. Lakini tulipokuwa tunapumzika walizungumza, na mimi, kwa kuwa sikuwa na pumzi ya kusema, kwa mara ya kwanza nikasikiliza. Niligundua kwamba barua yangu yote ilihusu kiwanda na haikuwa na mstari hata mmoja uliohusu konde. Hawa walihofia mambo ambayo mimi wa brashi sikuyajua: vibarua wasio na karatasi ya kazi, wazee waliokatia shirika maisha yao yote na hawana kwao kwingine, na bomba la maji lisije likafungwa.

Nikaandika barua ya pili, nimekaa juu ya tita la majani, wao wanasema mimi naandika. Tulisema bado tunapinga, na sababu zetu ni hizi. Kisha tukasema, mkituzidi nguvu mkauza, basi hakuna wa kutolewa nyumbani, maji na zahanati vibaki, na atakayepunguzwa alipwe haki yake kabla funguo hazijabadili mikono. Kila mtu wa kambi alitia sahihi au dole gumba.

Sikudanganyi. Kiliuzwa. Tulipinga mpaka sauti zikakauka, na bado kiliuzwa. Lakini kiliuzwa kikiwa kinanguruma, na watu wamo ndani yake. Nyumba hazikuvunjwa. Wengine tulipunguzwa, nikiwamo mimi, na nilipanda basi la Handeni nikiwa na haki yangu mkononi. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilimuaga Yohana, akaniambia, "Dada, ukikosa kazi huko rudi, matita yapo." Mpaka leo sijamjibu.

Basi neno langu ni hili, mwanangu. Ukichaguliwa kuwasemea watu, usiwafanyie hila hata kama ni hila ya kuwaokoa. Jambo usiloweza kuliweka mbele ya mkutano, liache. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mficha uchi hazai. Kama ni kugoma, gomeni wote, mchana, baada ya kuulizana. Kama ni kuwaambia wakubwa kwamba kazi yenu ina thamani, basi ifanyeni kazi hiyo mbele ya macho yao mpaka waone haya kuibeza. Na kabla hujaandika barua yoyote, nenda kwanza kwa yule anayeamka mapema kuliko wewe, umuulize anaogopa nini. Ukikosea, nawe utakosea, simama useme mwenyewe. Watu husamehe kuliko tunavyodhani, ingawa watakucheka wiki nzima.

Mungu akupe sauti ya kuwatetea wenzako, na masikio mapana kuliko sauti hiyo. Akupe mwenyekiti kama Mzee Mhina, na mpinzani kama Yohana. Mikono yenu isikose kazi, wala kazi yenu isikose heshima. Na siku watakapokuja wa kununua, wawakute mmesimama wote pamoja, mchana kweupe, na hakuna mmoja wenu aliyeficha kitu.

Amina. Sasa maliza chai, wenzako wanakungoja mkutanoni.