Aliyepuliza Taa ya Madam

Taa ilikuwa imezimika. Maji yamejaa kwenye glasi yake, mafuta yametapakaa juu ya kitambaa cheupe, na madam wangu mzee amesimama na fimbo yake ananiuliza neno moja tu.

"Pumzi ya nani?"

Nikamtaja aliyepuliza. Mwanawe, ninayemwita sir, akampigia simu pale pale, akaweka spika. Ikaja sauti tamu ya kanisani: "Mimi? Haki ya Mungu, sir, sikugusa kitu. Labda ni upepo wa AC."

AC gani inamwaga maji, jamani?

Mimi nyumba mbaya za Dubai nazijua. Kuna moja nililala stoo na pasipoti yangu ikafungiwa kwa kabati. Nilitoka huko nimekonda kama ufagio. Ndipo nikampata huyu mama wa Kihindi, mjane, kule mtaa wa Al Warqa. Alikuwa ananiita "beti", binti yangu, na mimi mwenyewe nina mvi.

Dini yao ni ile ya kale ya Waajemi, mababu zao walihamia nayo India. Mungu wao ni mmoja, Ahura Mazda, ndiye aliyeumba mbingu, maji, ardhi, mimea, wanyama, watu na moto. Mimi niliishia darasa la nne lakini hilo nilielewa siku ya kwanza. Nilipomwona anaomba mbele ya taa yake ya mafuta, nikamuuliza, "Madam, kwa hivyo mnaabudu taa?" Akacheka mpaka akakohoa. "Beti, wewe ukipiga magoti kando ya kitanda, unaabudu kitanda?"

Magoti yake yalipochoka, taa akaniachia mimi. Unanawa, unafunika kichwa, unaongeza mafuta kabla hayajaisha. Na hupulizi kamwe, kwa sababu pumzi ya mtu ina uchafu na moto ni safi. Hata mshumaa wa keki hawapulizi. Na kitu kingine alichonishikisha: adui wa Mungu wao ni Uongo. Mtu akivunja sahani akakiri, yanaisha. Akificha, hapo madam anabadilika uso.

Sasa wewe uliyepuliza, dada wa kikundi cha maombi cha Satwa, unayefanya kazi ya askari wa geti kule Silicon Oasis, nani alikuita uje kuzima taa? Niliugua homa, madam akasema rafiki aje anione. Ukaja na chupa yako ya maji ya maombi. Nikakueleza taa ni ya nini. Nikakuambia usiisogelee. Nikaenda kukuchemshia chai, wewe ukaanza: "Toka! Shindwa!" Nikatoka mbio na kijiko mkononi. Fuu! Halafu maji juu.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekufungua. Nyumba nzima ilikuwa na pepo."

Pepo! Mama anayenipikia supu nikiugua ndiye pepo?

Ukaondoka kabla chai haijachemka. Jioni ukatoa ushuhuda kwenye grupu la WhatsApp, watu wakakujibu amina, amina. Lakini kwa sir, saa chache nyuma, ulikuwa umesema ni AC.

Moto madam angewasha tena. Alishashika kiberiti. Ni lile jibu lako kwenye simu lililomfanya akiweke chini. Sir akasema, "Khalas, imetosha. Kama si mgeni, ni wewe, na unamsingizia mtu." Madam hakunitetea. Alinitazama tu, kama mtu aliyefichiwa sahani iliyovunjika. Visa ikafutwa, na sasa natafuta kafeel mwingine, mwajiri wa kunidhamini visa, kwa magoti haya ya uzee.

Na nyinyi wa grupu mlionifutia ule ushuhuda nilipoomba nimwonyeshe madam, nyinyi pia nawaona.

Sitaki uniombee. Panda basi uende Al Warqa, mlango unaujua. Usiingie ndani. Simama hapo nje umwambie yule mama kwa mdomo ule ule uliopuliza, ni pumzi ya nani. Anangoja kujibiwa. Mimi pia nangoja.