Mjane wa Mchezo

Mpaka leo kuna watu wa kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale wanaosema eti sisi wanawake ndio tuliomaliza kazi ya yule muigizaji. Wananikera kweli. Mtu alijimaliza mwenyewe, tena mchana kweupe, mbele ya umati, akiwa amelala chali chini ya shuka.

Niseme ukweli kwanza: alikuwa fundi. Kikundi chetu cha Wakongomani kilikuwa na watu wengi wa kuchekesha, lakini yeye alikuwa na kipaji cha kufa. Mchezo wetu uliopendwa ulikuwa wa mzee anayejifanya amekufa ili asikie watasema nini juu yake kwenye matanga. Yeye alikuwa marehemu, mimi mjane. Analala kwenye mkeka katikati ya uwanja, mimi na wasichana wawili, mabinti zake wa mchezo, tunamlilia, halafu naita yeyote kati ya watazamaji aje kumuaga. Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Wamama walikuja kumwambia, "Papa, umekufa na jembe langu, nitalima na nini?" Watu hoi kwa kicheko. Tulipocheza Makenke, kambi ya jeshi, mke wa askari alimtekenya nyayo kwa jani la nyasi mpaka akachoka yeye. Marehemu hakutikisa hata kope. Alijivunia hilo sana, na sisi tulijivunia naye.

Kisha mmoja wa wale mabinti akanijia nikiwa nachambua maharage. Alikuwa mtu mzima tayari, yatima, akikaa kwa shangazi yake na kushona nguo sokoni. Akasema yule bwana alimwita peke yake kufanya mazoezi, akafunga mlango, akamshika kwa nguvu. Alijinasua, akakimbia na blauzi imechanika. Haukupita muda, nafasi yake ikapewa mwingine, na maneno yakaanza: eti yeye ndiye aliyemtaka mume wa watu, alipokataliwa akazua.

Nilimpeleka kwa kiongozi wa kikundi, tuliyemwita Prezida. Alitusikiliza huku akitazama viatu vyake.

"Mama, iko mubaya, naona. Lakini tumeitwa kucheza teatri ku Mbarara. Bila ule papa tutacheza na nani? Tungojee kwanza."

"Tungojee nini? Ashike na mwingine?"

"Hapana kuniletea kelele, mama."

Kelele! Nilitoka pale na hasira zangu. Shangazi mtu naye aibu ilikuwa imemwelemea. Alimwambia binti aende kumwomba yule bwana msamaha kabla Jumapili haijaisha, la sivyo ahame nyumbani kwake. Binti akaniuliza, "Mama, nikiomba musamaha, si njo nimekubali nilidanganya?" Nilimsongea ugali, akala kidogo tu.

Jumapili hiyo tulicheza Nakivale, kabla ya safari ya Mbarara. Uwanja ulijaa. Shangazi alikuwapo, amesimama nyuma na wamama wa kanisa lake. Nililia kilio changu cha mchezo, nikaita, "Nani anataka kumuaga baba yetu?" Wakaja wawili watatu, watu wakacheka. Kisha nikamwona binti anakuja. Prezida akamshika mkono amrudishe.

"Mwacheni alie," nikasema kwa sauti ya mjane. "Mwenye matanga ni mimi!"

Watu wakashangilia wakidhani ni mchezo, na Prezida akamwachia.

Binti alipiga magoti karibu na kichwa cha marehemu. "Papa," akasema, "uliniita mazoezi, nikakuja. Juu ya nini ulifunga mulango?" Wengine wakacheka. "Nilikuita papa, weye ukanipasulia nguo. Leo banasema mimi njo malaya. Nitaenda kulala fasi gani, papa?"

Kicheko kikakatika. Prezida alinikonyeza nianzishe wimbo wa kumziba. Nikamtazama tu.

Yule mtu angeweza kunyamaza. Angenyamaza, nusu ya uwanja wangeondoka wakisema msichana anaigiza vizuri. Lakini yeye ambaye Makenke nzima ilishindwa kumtikisa, akasema kutoka chini ya shuka: "Muongo!"

Ee Mungu wangu, marehemu kasema! Watoto walipiga ukelele. Damu ilinipanda, nikataka kumfunua nimzabe kofi, lakini yule msichana mpya, aliyepewa nafasi ya mwenzake, akanitangulia. Alikuwa ameketi miguuni pa marehemu na hakupaza sauti. "Si muongo," akasema. "Hata mimi alinifungia."

Yule bwana akajifunua, akainuka, akaondoka, na hakuna aliyempisha kwa heshima. Mbarara hatukwenda. Hakuna kikundi kilichompa nafasi tena; nasikia alikwenda kuchunga ng'ombe wa watu huko Masha. Kile kicheko cha zamani nakikumbuka bado, na kukikumbuka kunaniuma, kwa sababu nilicheka nikiwa nimekaa karibu naye kuliko wote.

Lakini saa ile sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama shangazi. Alipita katikati ya watu akiwasukuma kwa mabega mpaka kwenye mkeka, nami nikajua sasa anampiga mtoto. Akamwinua. Akampangusa vumbi magotini kwa kitenge chake, goti moja, kisha la pili.

"Mutoto wa ndugu yangu," akasema, "twende kwetu."