Siku ya mapumziko imenitoa kwenye timu

Leo asubuhi nimeondolewa kwenye timu ya baiskeli, kwa kosa la kufanya kazi.

Iko hivi. Kocha aliniazima pedeli zinazopima nguvu ya miguu kwa wati na kutuma vipimo kwenye simu yake. Nguvu hiyo imegawanywa kwa ngazi, zinaitwa zoni. Zoni ya kwanza unanyonga kivivu huku unapiga stori. Zoni ya nne hata salamu huitikii.

Jana ratiba ilisema zoni ya kwanza tu, nipumzishe miguu.

Leo kocha kafungua simu yake, kasoma, uso ukabadilika.

"We mkaidi sana. Saa nzima uko zoni ya nne!"

"Kocha, nilikuwa napeleka mkaa sokoni Kashaulili. Gunia mbili. Na baiskeli ninayo hii hii moja."

"Mkaa siyo mazoezi. Unaniharibia programu."

Akazifungua pedeli zake mbele ya wenzangu wote. Nafasi yangu akampa mwingine.

Nimerudi nyumbani naikokota baiskeli isiyo na pedeli. Haya.

Sasa hivi mke wa kocha kanipigia: "Kaka, mkaa umetuishia, tuletee gunia. Kocha anasema uwahi."

Nyie wataalamu, nijibuni: hiyo ni zoni ya ngapi?